Kuanika, Kuanua

Duan, fundi wa winchi bandarini Duqm,
alinipa mfuko wa karatasi kwa mikono miwili,
kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyesinzia.
Kiarabu chake ni cha kokoto, lakini nilimwelewa:
chai nyekundu ya kwao, Yunnani,
haikuonja tanuri.
Mama yake huisokota viganjani, huifunika mpaka iive rangi,
kisha huliachia jua limalizie.

"Mwaka wa kwanza ina ugwadu kidogo," alisema,
"kama kijana. Msiihukumu."
Maji yachemke, halafu yatulie pumzi thelathini.
Yamiminwe pembeni mwa birika, si juu ya majani.
Na ukiisahau, ukaenda kupokea simu,
ukarudi baada ya nusu saa,
haitakununia, haiwi chungu.
Nikamwambia, basi hiyo haijapata kukaa na shangazi yangu.

Shangazi Thuweiba, Ibra, miaka themanini na mmoja,
alinusa mfuko, akaurudisha mezani.
"Imelala hii."
Kwake chai ni vumbi jeusi la Kericho,
iliki iliyopondwa kwa kitako cha kikombe,
maziwa ya kopo, sukari mpaka kijiko kisimame.
Ya rangi huinywa akiwa na homa tu,
na hata hiyo huiita mkandaa, kwa sauti ya kulalamika.
Nilimtengenezea kama nilivyoagizwa.
Akanywa funda moja. Akauliza,
"Na chai yenyewe inakuja lini?"

Kabatini, basi. Miezi.

Mwezi wa nane kiyoyozi kikavuja ukutani usiku kucha,
asubuhi mfuko umelowa chapachapa.
Nilikuwa nimeshainua kifuniko cha pipa
aliponinyang'anya.
Hakusema kitu. Akapanda ngazi za darini,
akiliomba kila goti ruhusa,
akazisogeza ndimu zake zilizokuwa zikikauka,
nyeusi, nyepesi kama maganda ya mayai,
akatandika mkeka,
akayatawanya yale majani kwa ncha za vidole,
marefu, yamejikunja, mengine na nyuzi za dhahabu,
mpaka pasiwe na jani lililomlalia mwenzake.

"Nani kakufundisha?"
"Karafuu," alisema. "Wete. Nilikuwa na miaka tisa.
Ukizirundika, zinavunda.
Ukizigeuza kwa mguu, usizivunje vichwa.
Na jicho moja lisitoke mawinguni."
Akatazama juu. Ibra, Agosti:
mbingu tupu kama sahani iliyolambwa.
"Hapa hata wingu la kugombana nalo hakuna."

Akakaa mlangoni mwa ngazi, upawa mkononi,
akifukuza shomoro.

Baada ya alasiri nikasikia sauti nisiyoijua,
nyembamba, ya mtoto, ikipasua nyumba:
"Anueni! Salme! Mauwa! Hemedi, anueni!"

Salme amezikwa Dubai. Mauwa hapokei simu.
Hemedi hatujui.
Nikapanda mimi.
Tukaanua wawili, kimya,
tukiukunja mkeka kutoka pembe zote.

Nilipoipua maji nikahesabu pumzi thelathini.
Yeye alihesabu kwa tasbihi, akafika thelathini na tatu.
Rangi ikatoka kama asali ya tende iliyokutana na maji.
Harufu ya kiazi kitamu kilichosahauliwa majivuni,
nyasi kavu, na kwa mbali
kitu ambacho Duan hakukitia.
"Ndimu," alisema shangazi. Akanyamaza.
Akasogeza kikombe kijazwe tena,
bila sukari, bila kuniangalia.

Iliyobaki ameitia kwenye kopo la maziwa,
akaliziba kwa utepe,
akaandika juu yake, kwa herufi zake za chuoni,
mwaka wa kulifungua. Bado miwili.
"Ule ugwadu uishe," alisema,
akaliweka rafu ya chini,
anayoifikia bila kiti.