Sogeza Mpaka Alama Ipotee

Radek kaifikisha runinga mtaani kwetu, Bytom,
kwa mkokoteni wa kuazima, theluji nusu goti,
malipo ya miezi ishirini na minne.
Tukaipandisha ghorofa ya nne tukihema,
na kabla hajavua koti kashaanza kuhubiri:
HDR, dada, HDR!
Utaona jua kama jua, na kiza kama kiza.

Tukawasha.
Theluji ya mchezoni ilikuwa ya kijivu
kama maji ya kudekia ngazi.
Uso wa shujaa umefubaa, utadhani ana homa.
"Bado hatujaiweka sawa," kasema Radek.
Menyu moja iko kwenye runinga,
ya pili kwenye mashine, ya tatu mchezoni,
na zote tatu hazisalimiani.

Kila moja ina alama hafifu, na amri:
sogeza mpaka alama ipotee.
Tukasogeza. Ikapotea kwangu, kwake bado ipo.
Ikapotea kwake, mimi naiona kama jicho la paka.
Macho manne, mama mmoja,
yakashindwa kukubaliana juu ya nukta.

Washa. Zima. Washa. Zima.
"Hii, au ile?" kama kwa daktari wa macho.
Nikasema hii. Ilikuwa imezimwa.
Radek kanuna mpaka supu ikapoa.

Halszka, wa mlango wa pili, alikuja kuazima mayai.
Akatazama bonde, mto, machweo ya mkopo,
akasema: "Inang'aa zaidi. Ndio uzuri huo?"
Mayai yakaondoka, swali likabaki sebuleni.
Maana chumvi nyingi si mapishi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani,
Alojz, miaka thelathini na moja chini ya ardhi,
kifua kinapiga mluzi kabla hajatoa neno.
Michezo haijui. Rimoti huishika kama samaki aliye hai.
Lakini shujaa alipoingia pangoni na kurunzi yake
Baba akakohoa: "Hapo. Simama hapo."
Radek akasimama.
"Hilo si giza. Hilo ni vumbi."

Akatueleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bili,
jinsi taa ilivyomfia mita mia saba chini,
akauleta mkono mbele ya pua, na mkono haukuja.
"Giza lenyewe si jeusi. Ni zito.
Ukikaa nalo, jicho linaanza kujitungia cheche,
linaona haya kukaa bure."

Kisha akainuka, akazima taa ya jikoni.
Akaifungia nje kwa pazia taa ya barabarani.
Saa ya kijani ya jiko akaivalisha kofia.
"Sasa sogeza."
Kumi na tisa. Kumi na sita. Kumi na nne.
Alama ikatupotea sote watatu kwa pumzi moja.

Na pango likaingia chumbani.
Sijui niseme vipi bila kumpa Radek ushindi:
ukuta ulikuwa umelowa. Tone lilikuwa na ncha.
Kurunzi iligonga jiwe, jiwe likaota mgongo,
na nyuma ya jiwe palikuwa na mahali.

Je, mchezo ulipendeza zaidi? Pangoni, naapa.
Bondeni, sidhani.
Na Jumapili, kwenye soka lake,
nyasi zilikuwa nyasi tu,
Radek akafungwa manne kwa rangi bilioni moja.
Boksi lilijaa sifa mbele na nyuma,
halikutaja popote taa ya jikoni.

Siku hizi Baba akikosa usingizi
ananiomba nimfungulie lile shimo.
Hapigani. Hajui kitufe kipi kinapiga.
Anamsimamisha shujaa mbele ya ukuta uliolowa, basi.
Mnyama huja kutoka kushoto, akamla.
"Tena," anasema. "Trudka, punguza moja."

Napunguza. Kumi na tatu.
Mimi sioni tena kitu.
Yeye anainama mbele, kidole karibu kiguse kioo:
"Pale. Kuna mtu kasahau koleo."