Ukingo

Ngozi ikikatwa huacha kidonda.
Uso wake umelainishwa, umetiwa rangi, unauzika;
ila ubavuni, pale kisu kilipopita,
nyuzinyuzi zimesimama kama ndevu za msiba,
na rangi ni ile ya nyama iliyosahauliwa.

Hapo ndipo kazi inapoanza,
alisema Mushagalusha, siku yangu ya kwanza Kadutu,
mvua ikipiga mabati hata akalazimika kurudia:
hapo.
Akanigusisha kwa kidole changu mwenyewe.

Dawa za dukani hakuwa nazo.
Asubuhi alituma mtoto sokoni akalete dongodongo
(bamia, kwa mliosomea mbali),
nusu ya fungu kwa sufuria ya mkewe, nusu kwa mikanda.
Aliikata, akailoweka kwenye kopo la nyanya
mpaka maji yakavutika kama ute wa ndama.

Kwanza msasa. Kisha msasa wa pili, uliochakaa;
usiutupe uliochakaa, huo ndio wenye adabu.
Kisha ute, kidogo, kwa ncha ya kitambaa,
usifike usoni, ukifika doa litakushtaki.
Kisha mfupa:
mguu wa mbuzi wa sikukuu ambayo hakuna anayeikumbuka,
umechongwa mfereji katikati,
nenda, rudi, nenda, rudi,
ngozi ipate joto, ianze kulia mlio mwembamba.
Ikilia, bado.
Ikinyamaza, imekubali.
Mwisho nta, na kipande cha jinzi kuukuu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na haraka nyingi.
Kule Nyawera, nilimwambia, mkanda hauuzwi kwa ukingo,
watu hutazama bizimu.
Hakujibu. Aliuchukua mkanda wangu,
akaupitisha polepole kwenye mdomo wa chini,
kama mtu anayepuliza filimbi isiyo na tundu,
akanirudishia.
“Anza upya.
Kidole cha fundi kina sugu, hudanganyika.
Mdomo nao, ukifunguka, hudanganya.
Ukifungwa, hauwezi.”

Alihamia Uvira kwa bintiye, macho yakiwa yamechoka.
Aliniachia mfupa. Kopo lilishatoboka.

Wiki iliyopita hospitali ilinipa kazi:
mikanda miwili ya mguu wa bandia.
Mwenye mguu anaitwa Nsimire, ana miaka tisa,
aliteremka ngazi za mtaani akizihesabu kwa sauti,
akakosea kwenye sitini, akarudi nyuma mbili.
Mkanda wa zamani ulikuwa umemchora pajani
mstari mwekundu, ulionyooka,
kama ule wa pambizo la daftari,
wa kumwambia mtoto: usivuke hapa.

Nilifanya usiku. Saa mbili umeme ukakatika,
nikaendelea; ukingo hauhitaji taa.
Nenda, rudi. Gizani mfupa ulinuka moto mdogo.
Nilipitisha ngozi mdomoni sijui mara ngapi,
ladha ya nta, ladha ya mlenda,
na kila mahali mdomo ulipokwama nilirudi na msasa,
nikimtukana Mushagalusha kwa heshima zote.

Jumamosi amerudi, uso umekunjwa.
Bizimu inalia, amesema. Kwii, kwii.
Darasani wananisikia kabla sijafika.
Na hii rangi ni ya wazee.
Na tundu moja liongezwe, hapa, kwa sababu nitanenepa.

Nimetia tone la mafuta. Nimetoboa tundu.
Rangi nimemwahidi mwakani.
Nimengoja, nikijifanya natafuta sindano,
aseme la ukingo.

Ameshika njia. Kwenye ngazi ya kwanza ameanza kuhesabu,
na safari hii sitini ameipita bila kusimama,
huku mama yake akimwita amsubiri.

Mzee, umesikia huko uliko?
La ukingo
hakusema neno.