Daftari la Zabibu

Chilongani mwanangu, nimeandika kwenye daftari la zabibu,
ukurasa unaofuata baada ya deni la Mzee Ndahani,
kilo mia mbili na arobaini, hajalipa.
Ukilitafuta deni, utanikuta.

Usiseme ni uchuro.
Kila baada ya mavuno naingia shambani na mkasi,
nakata matawi ambayo hayajakosa lolote,
wala hujawahi kuniambia
kwamba nautabiria mzabibu kifo.

Unamkumbuka mama yako mdogo, Keziya.
Siku kumi na tisa.
Mpira puani, mikono imefungwa bandeji kitandani
asije akauchomoa,
nasi koridoni tunagombana kwa sauti ya chini,
kila mmoja akitaka ionekane
yeye ndiye aliyempenda zaidi.
Ezekia alikuwa tayari kuuza ng'ombe.
Wewe ulitaka Muhimbili.
Mimi nilitaka maombi, na nilitaka nisikike nikiyataka.
Akatoka daktari, kijana mwembamba, miwani imefungwa uzi:
"Mwenyewe, alipokuwa anasema, alisema anataka nini?"
Tukaangalia vigae.
Miaka sitini na mmoja tulikuwa naye.
Tulijua hata chumvi anayotia kwenye mlenda.

Basi sikiliza, ningali na ulimi.
Figo moja imekwisha, ya pili inachechemea;
daktari wa Mvumi amenichorea zote mbili
nyuma ya boksi la dawa.
Nikivunjika mguu, nipelekeni.
Nikishikwa na malaria, nipelekeni, tena mbio,
msiniache nife kizembe kwa jambo la sindano tatu.
Sijachoka kuishi. Nina miche mia nne inasubiri nguzo.
Ila siku nitakapokuwa siwajui,
na daktari akasema huko alikofika harudi,
msiniwekee mashine ya kupumua kwa niaba yangu.
Dawa ya maumivu nipeni, msifanye ubahili.
Midomo yangu muilowanishe.
Nirudisheni Hombolo, kitanda kikae kwenye dirisha la mashariki,
upepo uniletee vumbi lake,
nimelizoea kuliko sabuni ya wodini.
Ng'ombe wasiuzwe.

Wa kunisemea ni Damari.
Usinune. Wewe umerithi haya za baba yako:
mzani wa mnunuzi unadanganya, wewe unaangalia miguu yako.
Damari aliupanda ule mzani mbele ya watu,
viatu miguuni, kanga kiunoni:
"Mimi nina kilo hamsini na nane.
Huu unasema hamsini. Zile nane nimezidondosha wapi?"
Siku hiyo nitahitaji mtu wa namna hiyo
mlangoni, kati yangu na huruma zenu.

Nilikusomea Jumapili, tumetoka kanisani.
Ulisimama kabla sijafika kwenye midomo,
ukasema kuku wanaingia jikoni.
Hapakuwa na kuku.

Wiki tatu daftari limekaa juu ya kabati,
chini ya mkasi.
Sikukuuliza. Wewe ulinisimulia mvua, bei ya mbolea,
treni mpya inavyopita bila kupiga kelele,
na mimi nikaitikia kila neno
kama mtu anayehesabu sarafu asizozihitaji.

Jana ulikuja, eti kuangalia deni la Ndahani.
Leo nimelifungua.
Deni liko vilevile.
Lakini chini ya namba ya Damari kuna namba nyingine,
kalamu nyekundu, saba zako zile zenye mkato katikati,
na pembeni, kwenye mstari wa midomo,
umeandika kwa herufi ndogo,
kama mtu anayenong'ona mbele ya mgonjwa:
maji yawe ya mtungini,
ya chupa hayapendi.