Hali: Salama

Ni fundi simu Langoni, kibanda kama sanduku,
Habari za mitamboni huzisoma kila siku;
Simu mpya ya thamani, "nyembamba!" wapiga chuku,
Ikidondoka chooni, waniletea usiku.

Nimechoka na sasisho, kila juma lina lake,
Lijapo ni maonyesho, kitufe hakiko pake;
Bi Zena avuja jasho, hampati mwana wake,
Wabuni hawana mwisho, lawama mimi nishike.

Ila kisa cha mlango kinazidi hivi vyote:
Twalibu alo maringo, wa mapesa na mapete,
Mbao zake za michongo katoboa pande zote,
Atie jicho la bongo, limjue na limwite.

Sitokana, ndimi fundi, nililipwa, nikakaza;
Nilimwambia "Sipendi," noti zikanipumbaza.
Watoto kundi kwa kundi waja wakiliuliza.
Komeo lile la Hindi, nyumbani nikalilaza.

Jumatano alasiri mtandao ukazima,
Twalibu, bila habari, na pweza, jua lachoma,
Kaweka uso kwa ari, likasema: "Rudi nyuma.
Taja basi neno siri, taja polepole, vema."

Vichochoro vina mambo, hata chafya ni ya wote;
"Nampenda Mwanakombo!" Lajibu: "Herufi zote."
"NAMPENDA MWANAKOMBO!" Yasikika hadi Pate.
Mkewe si Mwanakombo. Sote tukameza mate.

Naye yu ngazini chini, aja kumfungulia;
Jina lile sikioni, ngazi akairudia,
Kisha toka wikioni taratibu kamwambia:
"Jaribu langu, mwandani; huenda likaingia."

"Ni punda!" kalia, "Punda! Wa babu, alinilea!"
Mke mori ukapanda; heri angelinyamaa.
"Mwaka wa tisa wanenda, jina langu hukutia!
Basi zizini ukenda, punda atakufungua."

Kaipigia kampuni, sauti ikamjibu:
"Wewe wa mia foleni, tunakuthamini, babu."
Kaketi pale dakani, na pweza, kimya, na tabu;
Twapita sote jirani, kila mtu na sababu.

Magazeti yanasema nyumba janja ndizo kesho,
Jokofu lijue nyama, birika lidai posho;
Hapa stima ikizima kwa wingu lisilo tisho,
Ujanja wote hukoma, yabakia kichekesho.

Wajuzi wasema: "Siri isiwe jina la mtu,
Tia alama, sifuri, lisibahatishwe katu."
Miye natoa shauri kwa waume, ndugu zetu:
Tia la mke; ni heri wezi wakwibie vitu.

Nikaja na bisibisi, dakika moja ni wazi;
Kufuli lile la kasi, skurubu nne, si kazi.
"Nina komeo halisi, lilokuwa la wazazi."
Akalipa kwa upesi; lake, lakini si wizi.

Jicho nikalichukua, liko kibandani mwangu,
Chaji haijaishia: lalinda vikombe vyangu;
Panya akilipitia, laripoti kwa Mzungu.

Alipofuata pweza, Maimuna kasukuma;
Komeo halikuwaza, wala halikumsoma.
Nje Twalibu akalaza mkeka wa kuazima;
Simuye ikajiliza: "Mlango. Hali: Salama."