Ganda

Nje, mto wa Oulu umeganda.
Ndani, sanduku limeganda.
Mto utayeyuka Mei bila kuombwa na mtu.
Sanduku linamtazama Hilkka kwa mstari mmoja mweupe:
sioni mzizi.
Na chini yake neno ambalo mashine hulitamka mara moja tu
kabla ya kunyamaza:
hofu.

Saa nane usiku. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kiini amekipika mwenyewe, mara ya kumi na moja,
kwa ajili ya chuma hiki kilichokuwa kikipima magogo
katika kiwanda cha mbao kilichofungwa,
kisicho na skrini wala kibodi,
chenye tundu moja tu la waya wa kusemea.

"Si kipo kilicho tayari?" Veikko aliuliza jioni, akivua buti.
Kipo. Hakiijui kadi yake ya mtandao.
"Basi nunua kadi nyingine."
Hakumjibu. Kuna maswali
mtu hayajibu kwa sababu ni ya haki.

Sasa anasoma kumbukumbu za ujenzi, mwisho kwenda mwanzo,
kama anayetafuta pete ndani ya unga.
Maelfu ya mistari. Sawa, sawa, sawa.
Na katikati, pasipo wino mwekundu, pasipo kengele:
picha ni kubwa kuliko nafasi.

Kumbe!
Kiini kilishonewa mfuko wa diski ya kumbukumbu,
na yeye, kwa kuongeza kiendeshi kimoja na kihariri kidogo,
ameupita mfuko kwa vipande vitatu.
Vitatu! Baiti mia tano na kumi na mbili kila kimoja,
haitoshi hata barua ya kuomba radhi.
Picha ikakataliwa mlangoni,
ujenzi ukaendelea mbele bila kugeuka,
na usiku kucha amekuwa akiwasha tumbo tupu.
Kiinimacho.

Kupanua mfuko? Chuma chenyewe hakina pa kupanulia.
Basi apunguze. Anafuta mipangilio ya kibodi,
nchi moja moja, kwa majina.
Anasita kwenye Ureno; aliwahi kupendwa huko, wiki mbili.
Anafuta.

Anajenga. Anahamisha. Anawasha.
Mistari inashuka. Kadi inajitaja.
Kisha swali:

Kusakinisha, kuboresha, au ganda?

Hilkka haandiki kitu.
Anainuka, anabandika birika.
Chumba cha pili Veikko anakoroma.
Kishale kinapepesa, kinapepesa;
leo mashine nayo ingoje.