Upande wa Nyuma wa Fomu

Fomu imetoka Maskati.
Ina kisanduku kimoja: Maoni ya Wananchi.
Mistari mitatu. Nimehesabu.
Mimi ndiye karani, kalamu yangu,
na leo ni Jumatano, Ibra,
soko la wanawake limefungwa mapema
kupisha kikao.

Ndani ya sabla kiyoyozi kinanguruma kama kinalipwa.
Kahawa ya hiliki, halua, chupa ndogo za maji
zimepangwa safu kama watoto wa chuoni.
Mhandisi Badri anawasha ramani ukutani:
buluu iliyokolea, watu wahame;
buluu iliyopauka, pajengwe ukuta;
nyeupe, salama.
Anasema "miaka hamsini ijayo"
kama mtu anayesema kesho asubuhi.
Kisha: kuna swali?
Kikohozi. Kijiko. Kimya.

Anasimama Bi Ghaniya, mshona kofia.
Kiarabu chake ni cha sala na cha bei;
cha hasira ni Kiswahili,
alichokuja nacho kutoka Wete akiwa na meno ya utotoni.
Ananikazia macho mimi.
"Andika, mwanangu.
Nyumba yangu wameiacha nyeupe.
Nyeupe ya nini, ya sanda?
Mwaka ule maji yaliingia saa nane za usiku,
yakapanda mpaka kwenye mkono wa friji.
Nimepaka ukuta rangi mara mbili tangu hapo,
nazunguka na burashi, ule mstari wa tope siugusi.
Wanangu wananambia, mama, aibu kwa wageni.
Nawajibu: hicho ndicho cheti changu."

Natafsiri. Mhandisi anatabasamu kwa adabu:
wadi iko mbali na kwake, mita mia nne.
"Wadi iko mbali, ndiyo. Na barabara?
Mmeiinua, mkaitoboa tundu moja,
mbuzi mwenye mimba hapiti.
Maji yamegonga lami, yamegeuka,
yamekuja kwetu kama wageni wa harusi waliokosea nyumba."

Watu wanacheka, na kicheko kinafungua midomo.
Muhanna wa falaji, hajafika miaka thelathini,
anayegawa zamu za maji kwa simu
pale baba yake alipopima kivuli:
"Kwenye falaji, mwenye nusu zamu
anaulizwa sawa na mwenye siku nzima,
tena kabla mfereji haujachimbwa.
Nyinyi mmeleta chungu kimeshaiva,
mnatuuliza chumvi."

Mstari wa kwanza umejaa friji.
Wa pili umejaa lami.
Wa tatu, chumvi.

Ndipo Shafikul, aliyekuwa akipitisha kahawa,
akanyoosha dele kuelekea ukutani,
mdomo wa dele ukagusa mashamba ya mitende.
Hapa, alisema. Usiku ule yeye alilala chumba cha pampu.
Maji yalipomfika kifuani
alifungua lango la shamba bila ruhusa ya tajiri,
yakageukia mitendeni,
mitende ikanywa siku mbili.
Asingefungua, je, friji ya Bi Ghaniya ingeonekana?
Hakuuliza yeye. Nimeuliza mimi, moyoni.

Fomu inasema wananchi.
Shafikul ana kadi ya ukaazi inayokwisha mwezi wa Rajabu.
Nikageuza karatasi.

Mhandisi aliniona. Akaja karibu,
kwa sauti ya chini, bila ubaya:
mashine kule inasoma upande wa mbele tu.
Halafu akasimama muda mrefu mbele ya ramani yake,
kidole pale dele lilipoacha tone la kahawa,
akaniuliza lile lango liko wapi hasa,
na linafunguka kwa ndani au kwa nje.
Sikujua. Shafikul alikuwa ameshaenda kuosha vikombe.

Ofisini, mbele ya kioo cha mashine,
niliweka karatasi upande wa nyuma kwanza.
Ukasomwa. Ukaitwa ukurasa wa kwanza.

Jumamosi Bi Ghaniya amepiga simu:
kwake bado ni nyeupe?
Sijui, bibi.
Nimemwambia asipake rangi.