Utepe Namba Kumi na Saba

Chumba cha nyuma, Kikwajuni, juu ya duka la fundi cherehani.
Ukutani trei za mayai, alizoomba hotelini,
mlangoni godoro la usufi lisilozuia chochote:
pikipiki iliingia, adhana iliingia,
mama wa chini alimwita Nassor wake, na Nassor akaingia.
"Tunarudia," alisema Bi Mkasi Shaame.
Akazima feni, maana feni nayo huimba,
na haijui kunyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, natoka Wete,
suruali ya kuazima.
Nilimjua kwa sauti kabla ya sura:
saksafoni mbili nyuma yake,
anauchelewesha mstari hadi mpiga ngoma aingiwe hofu,
kisha anautua palepale,
kama mtu ashukaye ngazi gizani, nyumbani kwao.
Kaka zake walimwambia aache.
Akaacha.
Aliacha kuwaaga.

Sauti ilipoanza kukwaruza hakuipeleka kwa mganga.
Alinunua mashine ya kurekodia kwa fundi mstaafu wa redio,
bangili mbili, na ahadi ambayo sijui kama aliitimiza.
Akawa mtayarishaji: neno refu, faida fupi.

"Imba kama unadai pesa yako," aliniambia,
"na mdaiwa ni jirani.
Usipige kelele. Lakini asilale."

Mara kumi na moja nilirudia.
Ya kumi na mbili alifumba macho, nikajua.
Nikapewa nauli ya meli
na mkate wa ufuta uliofungwa gazetini.

Wimbo ule ulinijengea nyumba. Uliniposea mke.
Hata leo Darajani wapo wanaonisimamisha
waniimbie mimi, na wanaukosea.

Jana mjukuu wake, Thuwaiba, aliniita
tusikilize kanda kabla ukungu haujazimaliza.
Ya kumi na saba ilikuwa na jina langu, wino wa buluu.
Chini ya karatasi palikuwa na karatasi,
imekwanguliwa kwa kucha, haikutoka yote:
*M. Sh., ya mwi*

Mwaka ule utepe ulikuwa adimu kuliko mchele.
Nilijua. Wote tulijua.
Sikuuliza naimba juu ya nini.

Thuwaiba akaongeza sauti.
Kabla sijaanza, pana sekunde nne ambazo kifutio hakikuzifikia:
mvumo, na ndani ya mvumo mwanamke anavuta pumzi,
anatoa silabi moja, na nusu ya pili,
"Na-l..."
halafu mimi,
kijana, kifua mbele, nadai.

Tukarudisha nyuma.
Tukarudisha tena.
Nadhani zilifika mara kumi na moja, sikuhesabu vizuri.
Joto lilikuwa la Februari, na jasho linatutiririka,
na hakuna kati yetu aliyekumbuka
ni nani aliyeinuka kuzima feni.